Shajara ya mradi: msimu wa Arbroath wa 2021/22 ndani ya lahajedwali moja

7 Juni 2025: Lengo na mipaka

Mradi huu unakusudia kuandika msimu mzima wa klabu ya Arbroath katika ligi ya Championship ya Uskoti, ambayo ni daraja la pili, ndani ya lahajedwali moja, yaani jedwali la kompyuta linalokokotoa kwa fomula, litakaloweza kunakiliwa na mtu yeyote anayesimamia au kufuatilia ligi ya timu kumi. Vichwa vyote vya safu vinaandikwa kwa Kiswahili, na kila fomula inaelezwa kwa maneno kando yake, kwa sababu walengwa wangu wa kwanza ni makatibu wa ligi za wilaya ambao bado wanapanga msimamo kwa kalamu na daftari.

Nimeichagua Arbroath kwa sababu msimu wao wa 2021/22 unastahili kumbukumbu ya kina kuliko ile uliyopewa. Hii ni klabu ya mji mdogo wa wavuvi kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti, na uwanja wake, Gayfield Park, umepakana na Bahari ya Kaskazini kiasi kwamba siku za dhoruba maji ya chumvi hurushwa hadi majukwaani. Wachezaji wake walikuwa wa muda, yaani wana ajira nyingine mchana na hufanya mazoezi jioni baada ya kazi. Kocha Dick Campbell, akisaidiwa na pacha wake Ian, aliichukua timu mwaka 2016 ikiwa daraja la nne, akatwaa ubingwa wa daraja hilo mwaka 2017 na wa daraja la tatu mwaka 2019. Mwaka 2022 walimaliza wa pili katika Championship wakiwa na pointi 65, mbili tu nyuma ya Kilmarnock, klabu iliyokuwa imetoka kushuka kutoka ligi kuu. Masimulizi mengi ya msimu huo yanaishia kwenye neno moja kwamba waliishiwa nguvu mwishoni, nami nataka kuona kama takwimu zinakubaliana nalo.

Vifaa ni kompyuta mpakato niliyokuwa nayo na programu ya lahajedwali isiyolipiwa. Gharama ya kuanzia ni bando la intaneti la shilingi 10,000.

14 Juni 2025: Mechi 36 hazikutosha

Jaribio la kwanza lilikuwa kuingiza mechi 36 za Arbroath peke yake. Katika ligi hii kila timu hukutana na nyingine tisa mara nne, mbili nyumbani na mbili ugenini, hivyo mistari 36 ilionekana kuwa kazi nyepesi na yenye kutosha. Pointi zilijumlishwa vizuri na mchoro wa kupanda kwa pointi ukatoka, lakini mchoro huo haukuweza kujibu swali ambalo msomaji wa kwanza angeuliza, yaani Arbroath walikuwa nafasi ya ngapi siku fulani. Nafasi ya timu haimo katika matokeo yake yenyewe, imo katika matokeo ya wengine.

Suluhisho lilikuwa kuingiza ligi nzima: timu kumi, mechi 36 kila moja, na kwa kuwa kila mechi ina timu mbili, jumla yake ni mechi 180. Karatasi ya kwanza sasa ina safu tano tu, nazo ni tarehe, mwenyeji, mgeni, mabao ya mwenyeji na mabao ya mgeni. Anayenakili aanze na umbo hili tangu mwanzo, kwa kuwa kuhamisha mechi kutoka umbo la "mimi na mpinzani" kwenda umbo la "mwenyeji na mgeni" ni kazi ya kuchosha kuliko kuziandika upya.

21 Juni 2025: Matokeo yaliyogeuka kuwa tarehe

Hapa ndipo mradi ulipokwama kwa muda mrefu zaidi. Nilikuwa nikinakili matokeo kama yanavyochapishwa, kwa mfano 2-1, na kuyabandika katika seli moja kabla ya kuyatenganisha kwa fomula. Programu ya lahajedwali ikiona 2-1 hudhani ni tarehe. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Uingereza huisoma kuwa 2 Januari, na iliyowekwa mpangilio wa Marekani huisoma kuwa 1 Februari, kisha seli haihifadhi tena maandishi uliyoandika bali namba ya siku hiyo katika kalenda yake.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halitokei kila mahali. Sare ya 0-0 hubaki kama ilivyo, kwa sababu hakuna siku ya sifuri wala mwezi wa sifuri. Vivyo hivyo 3-0. Matokeo ambayo timu zote mbili zimefunga ndiyo yanayogeuka. Kwa hiyo safu ilionekana nusu nzima na nusu mbovu, na fomula ya kutenganisha mabao ikatoa namba kubwa za ajabu katika baadhi ya mistari na majibu sahihi katika mistari ya jirani.

Nilijaribu kwanza kubadili umbo la safu kuwa maandishi baada ya kubandika, lakini haikusaidia, maana wakati huo maandishi ya awali yameshapotea. Kisha nilijaribu kurudisha mabao kutoka kwenye siku na mwezi wa tarehe iliyozaliwa. Njia hii inawezekana iwapo unajua kwa hakika mpangilio wa kompyuta iliyotumika. Faili langu lilikuwa limefunguliwa kwenye kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti, hivyo sikuwa na namna ya kujua kama 5 Machi ni 5-3 au ni 3-5. Niliifuta safu yote.

Njia iliyofaa ni mojawapo ya hizi mbili: ama kuiweka safu katika umbo la maandishi kabla ya kubandika chochote, ama, na hii ndiyo ninayoipendekeza, kutoandika kabisa matokeo yenye kistari na badala yake kuandika mabao ya kila upande katika safu yake. Ni polepole zaidi, lakini hakuna kinachoweza kugeuka.

Niliongeza pia kinga kwenye safu za mabao ili zikubali namba nzima tu. Nilifikiria kuweka kikomo cha juu cha 9, nikakiacha kwa heshima ya klabu yenyewe: tarehe 12 Septemba 1885 Arbroath waliifunga Bon Accord mabao 36-0 katika Kombe la Uskoti, huku John Petrie akifunga 13 peke yake. Lahajedwali la Arbroath lisiloweza kupokea matokeo hayo lisingekuwa lahajedwali la Arbroath.

28 Juni 2025: Majina ya timu

Msimamo wa kwanza wa ligi nzima ulitoka ukiwa na timu zaidi ya kumi. Chanzo kimoja huandika Inverness Caledonian Thistle, kingine hukata kuwa Inverness CT. Greenock Morton huitwa Morton, na Hamilton Academical huitwa Hamilton. Kwa fomula ya kuhesabu, hayo ni majina ya timu tofauti.

Kurekebisha majina kwa mkono kuliondoa tatizo kwa sehemu tu, kwani "Arbroath" ilibaki ikihesabiwa mara mbili ingawa kwa macho maneno yalifanana. Sababu ilikuwa nafasi isiyoonekana iliyobandikwa mwishoni mwa jina kutoka kwenye ukurasa wa chanzo, tena ya aina ambayo fomula ya kawaida ya kuondoa nafasi za ziada, TRIM, haiiondoi. Iliondoka nilipotumia SUBSTITUTE kubadilisha herufi namba 160 kuwa nafasi ya kawaida, ndipo TRIM ikafanya kazi yake.

Baada ya hapo nimeacha kuandika majina katika karatasi ya mechi. Kila timu ina kifupi cha herufi tatu kinachochaguliwa kutoka kwenye orodha, na jina kamili linaandikwa mara moja tu katika karatasi ya timu.

5 Julai 2025: Ukaguzi

Mechi zote 180 zimeingia. Nimeweka kisanduku cha ukaguzi chenye masharti yanayopaswa kutimia katika ligi yoyote: kila timu iwe na mechi 36, ushindi wote ulingane na vipigo vyote, mabao yote ya kufunga yalingane na ya kufungwa, na jumla ya pointi iwe 540 ukitoa idadi ya mechi za sare. Sharti hilo la mwisho linatokana na kwamba mechi yenye mshindi hugawa pointi tatu na mechi ya sare hugawa mbili, hivyo kila sare huinyima ligi pointi moja.

Majibu ni haya. Mechi 122 zilipata mshindi na 58 ziliisha kwa sare. Mabao ni 432, wastani wa 2.4 kwa mechi. Pointi zote ni 482, sawasawa na 540 kutoa 58.

Hata hivyo masharti haya yana upofu wake, na anayenakili lazima aufahamu. Ukiandika 1-2 pahali pa 2-1, masharti yote manne yanatimia bila manung'uniko. Upinduzi wa namna hiyo ulikuwapo katika mechi chache, na uligunduliwa tu nilipolinganisha mstari wa kila timu na msimamo rasmi wa mwisho wa msimu. Kosa la kuandika tarehe isiyo ya mechi husika ni gumu zaidi, kwa kuwa halionekani hata ukilinganisha na msimamo rasmi. Kwa ajili yake niliongeza ukaguzi wa kuhakikisha kuwa hakuna timu iliyocheza mara mbili siku moja na kwamba kila jozi imekutana mara nne, mbili kila uwanja.

12 Julai 2025: Raundi au tarehe

Nilikuwa nimeweka safu ya raundi, nimeiondoa. Majira ya baridi ya Uskoti huahirisha mechi kwa barafu na viwanja vilivyojaa maji, na mechi ya raundi fulani huweza kuchezwa wiki kadhaa baadaye. Msimamo uliopangwa kwa raundi ulionyesha hali ambayo hakuna shabiki aliyewahi kuiona gazetini. Sasa kila kitu kinahesabiwa kwa tarehe ambayo mechi ilichezwa kweli, na mchoro wa nafasi unawaonyesha Arbroath wakiwa kileleni kwa wiki nyingi za majira ya baridi, jambo ambalo wachezaji wa muda hawatarajiwi kulifanya.

Saa za kuanza mechi nimeziacha nje. Mechi ya saa tisa alasiri ya Uskoti huwa saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa kiangazi chao na saa kumi na mbili wakati wa baridi, na mabadiliko hayo ya saa mwezi Oktoba na Machi yalikuwa yakiniletea kazi isiyo na faida yoyote kwa msimamo.

19 Julai 2025: Safu ya upepo imeondolewa

Inasemwa sana kwamba upepo wa Gayfield ni mchezaji wa kumi na mbili wa Arbroath, nami nilitamani kulipima jambo hilo. Niliongeza safu ya hali ya hewa na kuijaza kwa kusoma taarifa za mechi. Tatizo ni kwamba waandishi huutaja upepo pale tu unapokuwa mkali au unaposababisha bao. Siku ya upepo wa wastani haitajwi, na haiwezekani kuitofautisha na siku ya utulivu. Vipimo vya kituo cha hali ya hewa havisemi kilichotokea ndani ya uwanja uliozungukwa na majukwaa. Nimeona ni uaminifu zaidi kuiondoa safu yote kuliko kuchapisha uhusiano uliojengwa juu ya ukimya wa waandishi. Bando jingine la shilingi 10,000 lilitumika katika kazi hii, na sijutii.

2 Agosti 2025: Sare 14

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nianze mradi. Msimamo wa mwisho unasema hivi: Kilmarnock walishinda mechi 20, wakatoka sare 7 na kufungwa 9, wakipata pointi 67 na tofauti ya mabao 23. Arbroath walishinda 17, sare 14, wakafungwa 5 tu, wakipata pointi 65 na tofauti ya mabao 26. Hakuna timu iliyofungwa mechi chache kuliko Arbroath, hakuna iliyofunga mabao mengi kuliko wao, 54, na hakuna iliyokuwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao. Pamoja na hayo yote walikuwa wa pili.

Niliongeza seli moja inayobeba thamani ya ushindi ili niweze kuibadilisha. Ligi ya Uskoti ilianza kutoa pointi tatu kwa ushindi msimu wa 1994/95. Kabla ya hapo ushindi ulikuwa pointi mbili. Nilipoandika 2 mahali pa 3, msimamo ulivunjika. Sababu ni kwamba Partick Thistle na Raith Rovers walilingana kwa pointi 38, fomula ya RANK ikawapa wote nafasi ya nne, nafasi ya tano ikakosa mwenyewe, na kila kilichokuwa kikitafuta timu ya tano kikarudisha kosa.

Marekebisho yake ni ya kudumu na yanafaa ligi yoyote. Kila timu hupewa namba moja ya kupangia, ambayo ni pointi mara 1,000,000, kuongeza tofauti ya mabao mara 1,000, kuongeza mabao ya kufunga. Partick wanapata 38,006,046 na Raith 38,000,044, hivyo Partick wanabaki wa nne bila utata. Tofauti hasi ya mabao haiharibu mpangilio. Katika mfumo huu wa zamani jumla ya pointi za ligi ni 360 daima, na kisanduku cha ukaguzi kimeongezewa sharti hilo.

Msimamo uliotoka unawaweka Arbroath kileleni kwa pointi 48 na Kilmarnock wa pili kwa 47. Kwa kipimo kilichotumiwa Uskoti kwa zaidi ya karne moja, wachezaji wa muda kutoka Gayfield wangekuwa mabingwa. Simaanishi kwamba walidhulumiwa. Timu hucheza kwa kufuata kanuni iliyopo, na Kilmarnock wangeweza kutafuta sare zaidi iwapo sare ingekuwa na thamani ya nusu ya ushindi. Ninachokidai ni kidogo kuliko hicho lakini nakidai kwa nguvu: timu iliyofungwa mara tano katika mechi 36 haielezeki kwa kusema iliishiwa nguvu. Ilipoteza mechi chache kuliko zote, na ubingwa ulivuja kidogo kidogo kupitia sare.

Kiasi kilichovuja nacho kinapimika. Ukigeuza sare moja tu kati ya zile 14 kuwa ushindi, mradi isiwe dhidi ya Kilmarnock wenyewe, Arbroath wanafikisha pointi 67, na kwa kuwa tofauti yao ya mabao inakuwa angalau 27 dhidi ya 23, wanakuwa juu. Bao moja, katika mechi yoyote kati ya kadhaa, kwa msimu mzima.

Kuna pia mechi ya Ijumaa, 22 Aprili 2022, huko Kilmarnock. Arbroath walitangulia, Ash Taylor akasawazisha, na Blair Alston akafunga bao la pili katika dakika za lala salama, Kilmarnock wakatwaa ubingwa usiku ule ule. Nilipobadilisha 2-1 kuwa 1-1 msimamo wa mwisho ulitoa 66 kwa Arbroath na 65 kwa Kilmarnock. Jaribio hili nimelihifadhi katika karatasi ya pembeni lenye onyo la wazi, kwa kuwa mechi ya mwisho ilichezwa ubingwa ukiwa umeshajulikana, na haifai kudhani kwamba Kilmarnock wangeicheza vilevile wakiwa bado wanaupigania.

9 Agosti 2025: Mechi za mchujo

Timu ya pili, ya tatu na ya nne huingia kwenye mchujo wa kutafuta nafasi ya kukutana na timu ya 11 ya ligi kuu. Ya tatu na ya nne huanza, na ya pili husubiri nusu fainali. Arbroath walikutana na Inverness na michezo yote miwili ikaisha 0-0, ule wa pili Gayfield, ambako Inverness walimaliza wakiwa tisa uwanjani baada ya kadi nyekundu mbili. Inverness walishinda kwa matuta 5-3, kisha wakapoteza fainali mbele ya St Johnstone.

Nilipoiingiza michezo hiyo katika karatasi ya mechi, fomula iliwaongezea Arbroath na Inverness pointi mbili kila mmoja, na kisanduku cha ukaguzi kikawaka papo hapo kwa kuwa timu hizo sasa zilikuwa na mechi 38. Nilijaribu kuyaandika matuta kama mabao, lakini hapo mabao ya msimu yaliongezeka kinyume cha kumbukumbu rasmi. Mchujo sasa una karatasi yake, yenye safu mbili za ziada za matuta ambazo hazisomwi na fomula yoyote ya mabao wala pointi. Makatibu wa ligi zenye nusu fainali na fainali wafanye hivyo hivyo.

Inafaa kutaja kwamba Inverness ni klabu iliyoundwa mwaka 1994 na kuingia ligi msimu ule ule wa kwanza wa pointi tatu. Mfumo wa pointi mbili hawakuucheza kamwe.

16 Agosti 2025: Gharama na faili

Jumla ya matumizi ni shilingi 34,000: mabando ya intaneti 20,000, na 14,000 za kuchapisha michoro na maelezo kwa ajili ya katibu wa ligi ya kata aliyekubali kuyapitia. Yeye alipendekeza safu ya kadi, lakini nimeiacha nje ya toleo hili kwa kuwa kanuni za kufungiwa wachezaji hutofautiana kutoka ligi hadi ligi.

Anayenakili afute mistari 180 ya karatasi ya mechi, abadilishe majina kumi katika karatasi ya timu, na aandike idadi ya mechi za kila timu katika seli ya ukaguzi. Kwa ligi yenye timu pungufu ya kumi, mistari ya chini ya msimamo iachwe tupu bila kufutwa, maana ikifutwa namba ya kupangia hupoteza marejeo yake.

Arbroath walishuka daraja mwaka 2024 na kurudi Championship mwaka uliofuata wakiwa mabingwa wa daraja la tatu. Nimeshafungua karatasi mpya ya msimu huo wa 2024/25, mabao ya kila upande yakiwa na safu yake na vifupi vya timu vikiwa tayari, na mechi zake zinaanza kuingizwa wiki ijayo.